Shajara ya mradi: kulisoma daftari la bibi

Februari: kazi yenyewe

Ndani ya daftari hili hamna Kiarabu ila dua za hapa na pale. Yaliyobaki yote ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kalamu ya wino wa buluu. Mwandishi ni bibi yangu mzaa mama, mkazi wa Pangani, na kurasa nyingi ni za miaka ya mwanzo ya 1970. Mradi wangu ni kulisoma lote, kulinukuu kwa herufi za Kilatini, na kumsomea mwenyewe, maana ugonjwa wa mtoto wa jicho umemtenga na mwandiko wake.

Si kazi ya darasani. Nasoma shahada ya Kiswahili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini hakuna mhadhiri aliyeniagiza wala maksi zitakazotoka. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonivuta. Tangu nilipoingia kidato cha kwanza, karibu kila nilichokisoma kilikuwa na mtihani nyuma yake, na kila nilichokiandika kilikuwa na msahihishaji mbele yake.

Utaratibu wangu ni huu: kila ukurasa naupiga picha mchana karibu na dirisha, kisha nachora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza naandika herufi kama zilivyo, bila kubahatisha. Ya pili naandika matamshi yote yanayowezekana. Ya tatu naiacha tupu mpaka niwe na hakika.

Machi: baba, papa, pamba

Alfabeti ya Kiarabu haina p, haina v, haina ch, wala haina g ya "gari". Watu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi hizo walizipa kazi za ziada zile zilizopo. Be ikabeba b, p na mb. Fe ikabeba f, v na mv. Ghaini ikabeba g, ng na ng'. Shini ikabeba sh na mara nyingi ch. Sauti ya n au m inayotangulia konsonanti nyingine mara nyingi haiandikwi kabisa, kwa hiyo "ndugu" huonekana "dugu". Irabu nazo ni tatu: fataha ya a, kasra ya i na e pamoja, dhuma ya u na o pamoja.

Matokeo yake, be mbili zenye fataha zinaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Juu ya ukurasa wa kwanza pana neno بَغَانِ. Kwa kanuni nilizofundishwa madrasa hilo ni "baghani", neno lisilokuwepo. Ni Pangani. Jina la mji aliozaliwa mama yangu lilikuwa mbele ya macho yangu na herufi zake zote nazijua tangu utotoni.

Waandishi wengine baadaye waliongeza nukta ili kupata herufi za p na ch, kama wafanyavyo Waajemi. Bibi hazitumii. Aliandika kama alivyofundishwa.

Kuna msaada mmoja mkubwa, nao nimeugundua kwa kulinganisha mistari. Silabi ya pili kutoka mwisho, ile tunayoikazia tukisema, yeye huivuta kwa alifu, wau au ye. Nazi ni نَازِ. Mtoto ni مْتُوتُ. Ukishaijua alama hiyo, unaweza kuona neno linaishia wapi hata pale alipobananisha maneno, na hubananisha sana: "na", "ya" na "wa" zote zinagandana na neno linalofuata. Mkazo ambao shuleni hutajwa kwa mstari mmoja na kuachwa, hapa ndio unaokuongoza njia nzima.

Ukurasa wa mkate wa kumimina umenichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kuna "fikubi" za mchele. Safu ya pili ya jedwali ilijaa: vikombe, vikope, vikopi. Mchele wa vikope haupo duniani, basi ni vikombe. Kutoka hapo mengine yalifunguka: tui, hamira, sukari, iliki. Kipimo cha hamira hakukiandika. Nadhani mkono wake ulikijua.

Machi, mwishoni: nilivyosoma kabla ya hapa

Nataka kuliandika hili sasa, kabla kazi haijanibadilisha nikasahau.

Nilianza kusoma mara mbili. Mara ya kwanza madrasa, alifu kwa ujiti, mpaka Juzuu Amma na kuendelea. Kule kila alama ina sauti yake na sauti haichezewi. Ukivuta pasipovutwa, maalimu anakusimamisha. Nilijifunza usahihi, nikajifunza kuheshimu maandishi, lakini maana ilikuja kwa mafafanuzi ya mwalimu, si kwa macho yangu. Mara ya pili shule ya msingi: a, e, i, o, u ubaoni, na baada ya miezi michache nikawa nasoma vibao vya maduka njia nzima kurudi nyumbani. Hicho ndicho kipindi nilichopenda kusoma kuliko vyote. Niliandika barua za kirafiki hata ambazo mwalimu hakuziagiza, nikawapa wasichana wa mtaani kwetu, nao wakanijibu.

Halafu sekondari, na Kiingereza kikawa lugha ya kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Wanaosoma hapa wengi wanaijua njia hiyo. Baiolojia iliyokuwa imeanza kunivutia ikageuka kukariri. Insha nikaandika kwa mfano uliofaulu mwaka uliopita. Nikafaulu, tena vizuri, nikafika chuo kikuu, na huku nikaendelea kuishi kwa madesa: kurasa zilizopigwa fotokopi, zilizopigiwa mistari na mtu mwingine aliyekwisha kuniamulia lipi ni muhimu. Sina kinyongo na walimu wangu, walifanya kazi ngumu katika madarasa yaliyojaa. Ila nilifika umri wa miaka zaidi ya ishirini nikiwa msomaji hodari ambaye hasomi kitu kwa hiari yake.

Daftari la bibi limenidai kitu ambacho madrasa wala shule hazikunidai. Herufi peke yake hazitoshi. Lazima ujue mtu huyu angesema nini. Lazima ulete Kiswahili chako chote, cha jikoni na cha msibani, na sikio lako, ndipo neno likubali kusimama.

Aprili: Pangani

Nimekwenda na kurasa nilizomaliza. Baada ya shikamoo na chai, bibi alikaa kwenye mkeka barazani, nami nikaanza kumsomea. Nilipofika kwenye mkate wa kumimina alinikatiza: "Hamira kijiko cha chai, usijaze." Miaka hamsini, na kipimo bado anacho. Nimekiandika pembeni kwa kalamu nyekundu ili nakala yangu isichanganye alichoandika wakati ule na alichosema sasa.

Kuna kurasa zenye majina na tarakimu. Nilidhani ni deni la dukani. Ni upatu. Wanawake wa mtaa wao na wengine wa Bweni, ng'ambo ya mto, walichangishana kila mwezi, na aliyeshika hesabu ni bibi. Tarakimu nazo ni za Kiarabu: tano ni duara dogo linalofanana na sifuri yetu, na sifuri ni nukta. Kwa hiyo ile safu ndefu niliyoiona kama sifuri tupu ilikuwa shilingi tano, tano, tano, na mwisho wake jumla, na mbele ya jumla jina la mwenye zamu. Pana alama ya mkato kwa kila aliyetoa. Aliyechelewa ana kistari kifupi na neno moja: "kesho".

Majina yao siyaweki hapa, wajukuu wao wapo mjini. Lakini nimemsomea bibi orodha yote, na kwa kila jina aliniambia nyumba, mume, watoto, na nani amekwisha tangulia. Jioni nzima ilikwenda kwa ukurasa mmoja. Shuleni tulifundishwa kwamba fasihi simulizi ni kitu kimoja na maandishi ni kingine. Nikiwa barazani pale sikuuona mpaka kati yao. Maandishi yalikuwa ya kumkumbusha tu mahali pa kuanzia, na hadithi ikatoka mdomoni.

Aliyemfundisha kuandika ni mwalimu wa chuo, yaani madrasa, mwanamke, jirani yao. Watoto waliandika kwenye ubao wa mti, wakaufuta kwa maji, wakaandika tena. Kutoka Kurani kwenda barua hakukuwa na somo maalumu. "Ukishajua herufi, maneno si unayo mwenyewe?" aliniambia.

Mei: Maktaba

Nilitaka kujua kama mwandiko wa bibi ni wa peke yake. Si wa peke yake hata kidogo. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizi zimehifadhiwa mpaka leo Goa, India. Mwana Kupona binti Msham alimwandikia binti yake utenzi karibu mwaka 1858, na wanawake wa pwani ya kaskazini wakaunakili kwa vizazi. Hapa kwetu Mrima, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani kwa herufi hizohizo mara tu vita vilipokwisha, wakati Pangani ya Abushiri, aliyeongoza vita hivyo dhidi ya Wajerumani, bado ina majeraha ya 1888 na 1889.

Na katika maktaba ya chuo kikuu chetu kuna mkusanyo wa hati za namna hii uliotokana na juhudi za J. W. T. Allen, aliyezunguka pwani akikusanya, na orodha yake ikachapishwa 1970. Nimepita karibu na jengo lile kila siku ya masomo.

Moja linanisumbua. Karibu hati zote zinazotajwa ni tenzi na mashairi. Daftari la upatu nani alilikusanya? Mwanamke aliyeandika bei ya mafuta ya taa na siku aliyoota jino mwanawe, maandishi yake yalikwenda wapi? Nina hakika yalikuwa mengi. Karatasi hizo zilifungiwa maandazi.

Juni: kurasa za nyuma

Nililigeuza daftari nianzie upande wa pili, yaani upande ambao kitabu cha Kilatini kingeanzia, nikakuta maandishi mengine. Herufi kubwa kubwa za Kilatini, kwa penseli, zimepangwa mstari kwa mstari: a a a, ba be bi bo bu, kisha maneno mafupi, kisha sentensi kuhusu pamba na mbolea. Mkono ni uleule, lakini umekakamaa.

Bibi alicheka nilipomsimulia kwa simu. Ni ngumbaru, alisema. Alikwenda jioni, mama yangu akiwa mgongoni.

Wasiojua historia hii: Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1971 TANU, chama kilichotawala, iliazimia kufuta ujinga nchi nzima ifikapo 1975. Mamilioni ya watu wazima waliingia madarasani chini ya miembe, kwenye maghala na katika shule za watoto baada ya saa za masomo. Walimu walikuwa wa shule za msingi, wanafunzi, makarani, yeyote aliyejua. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na sitaki neno langu lolote liidogoshe. Bibi mwenyewe anaisifu. Anasema ngumbaru ilimwezesha kusoma karatasi za zahanati na kujua basi lipi linakwenda Tanga.

Lakini fikirieni. Alipojiandikisha, aliulizwa kama anajua kusoma na kuandika. Akajibu kwamba anajua cha chuoni. Aliyekuwa anaandikisha akaandika hajui. Kwa hiyo mweka hazina wa upatu, mwenye daftari lililojaa barua, hesabu, dua na mapishi, akahesabiwa miongoni mwa wajinga wa kufutiwa ujinga. Nilipomuuliza kama alikasirika, alisema hapana, maana aliyeandikisha alikuwa kijana mwenye adabu na wino wake ulikuwa unaisha.

Mimi nimekasirika kidogo kwa niaba yake. Si kwa yule kijana. Kwa kipimo. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilisanifu Kiswahili kwa tahajia ya Kilatini, na shule, ofisi, magazeti na vitabu vikafuata. Faida yake ni kubwa, hata sentensi hii ni tunda lake: inatofautisha pamba na baba bila kukuuliza wewe ni nani. Tahajia moja ilistahili kuchaguliwa. Ila kuchagua herufi za kusomeshea watoto ni jambo moja, na kusema kwamba asiyezitumia hajui kuandika ni jambo jingine, na hilo la pili halikuwa la lazima.

Mama ana elimu ya darasa la saba. Hakuwahi kujua kwamba mama yake anaandika. Alimwona na daftari, akadhani ni visomo.

Julai

Mitihani ya muhula. Daftari limelala.

Agosti: kuandika

Nimerudi kazini na kitu kimebadilika ambacho sikukipanga. Nimeanza kuandika.

Ilianza kwa sababu ya kazi yenyewe: nilihitaji kuuzoea mwandiko wa bibi kwa mkono, si kwa macho tu, basi nikawa nanakili mistari yake. Siku moja mstari ulikwisha na mkono ukaendelea. Nikaandika hali ya hewa, bei ya nauli, ugomvi wa chumba cha pili bwenini. Kiswahili changu, kwa herufi zake. Kwa kuwa hakuna mtu bwenini anayeweza kuusoma ukurasa huo juu ya bega langu, niliandika kwa uhuru ambao nilikuwa nimeusahau tangu zile barua za darasa la nne.

Nimegundua pia kwamba herufi hizi zinanibadilishia sentensi. Kwa Kilatini, na hasa baada ya miaka ya insha za Kiingereza, naandika sentensi ndefu zenye "ambayo" ndani ya "ambayo". Kwa mwandiko wa bibi sentensi ndefu ikisomwa kesho inanipotea hata mimi niliyeiandika. Inabidi niandike kama ninavyosema: fupi, kitenzi mapema, maneno yanayoshikana kwa mazoea. Nikihamishia kurasa hizo kwenye Kilatini, zinabaki hivyo. Kazi ya semina niliyoiandika baada ya hapo imetoka nyepesi zaidi, na nimeifurahia, jambo lililokuwa geni kwangu.

Na ukurasa mmoja wa mwezi huu lazima niuandike kwa kirefu. Una mstari wa pekee, umezungushiwa duara: mtoto wa kike, Mfungo Sita, siku chache baada ya mwezi kuandama, mwaka ١٣٩٣. Mfungo Sita, kwa hesabu ya pwani ya kuanzia Idi, ndio mwezi wa Maulidi. Mwaka 1393 wa Hijria ulianza Februari 1973, kwa hiyo Mfungo Sita wake uliandama mwanzoni mwa Aprili 1973. Mtoto huyo ni mama yangu. Vyeti vyake vyote vinasema Januari 1974, tarehe aliyopewa siku ya kuandikishwa shule.

Nilimpigia simu. Alinyamaza, kisha akauliza mwezi wa Maulidi wenyewe au kabla yake, kisha akaniambia nimsomee mstari huo tena, polepole, kama ulivyoandikwa. Hatabadilisha vyeti, usumbufu ni mwingi. Lakini ameniomba nimchapie ukurasa huo, pande zote mbili: picha ya mwandiko upande mmoja, unukuzi wangu upande wa pili.

Septemba: hali ya kazi

Upatu umekamilika. Mapishi na dawa za watoto vimekamilika, ila dawa moja ambayo jina la mti wake limefutika kwa maji. Kurasa za ngumbaru nimezipiga picha na sizinukuu, zinajisomea. Zimebaki rasimu za barua, ambazo bibi aliandika kwanza humu kisha akazinakili kwenye karatasi safi kabla ya kuzituma. Hizi ndizo ngumu kuliko zote, kwa kuwa aliyeandikiwa alikuwa anajua mambo ambayo hayakuhitaji kuandikwa.

Barua ninayoishughulikia sasa ni ya kumshukuru dada yake, aliyeolewa Wete, Pemba, kwa doti ya kanga. Mstari wake wa tatu unasema kanga zimefika, na kisha neno ambalo linaweza kusomwa "nimezipenda" au "nimezipinda". Be na dali, kasra na ye, herufi ni zilezile. Kanga mpya hupendwa, na kanga mpya hupindwa, tena bibi alikuwa akishona, kwa hiyo muktadha hauamui. Nimemsomea yeye kwa namna zote mbili, akazisikiliza, akasema zote zinafanana na yeye.

Dada yake yupo hai, na macho yake bado yanaona. Nimempigia simu nikamweleza shida yangu, nikajitolea kumsomea barua nzima. Amesema nisijisumbue, nimtumie picha ya ukurasa, atasoma mwenyewe. Nimemtumia leo asubuhi kwa simu ya mjukuu wake.